Jumbe Sita Baada ya Papa

Ninazo jumbe kumi za Papa, baba yangu, katika simu ya zamani. Zote ni fupi, maana Papa alikuwa inspekta wa shule kabla ya kustaafu, na mtu aliyesoma madaftari ya watoto miaka thelathini hana tena hamu ya maneno mengi. Nne zilikuja akiwa hai. Sita zilikuja akiwa ameshakufa, na karibu zote nilizijibu, tena kwa kicheko, miguu juu ya dashibodi, mdomo umejaa viazi vya kukaanga. Sikuwa kichaa. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nilikuwa safarini, na kwetu mtu aliye njiani haambiwi kifo. Anangojwa afike. Anakalishwa, anapewa kitu cha kula, wakubwa wanakusanyika, ndipo mmoja wao anafungua mdomo. Desturi hiyo siilaumu, imeokoa wengi wasianguke barabarani. Ninacholaumu ni kingine: mtu alishika simu ya marehemu akaniandikia kwa jina lake. Kwa miaka kumi na mmoja sikuweza kusema kwa hakika neno lipi lilikuwa la mwisho kati yangu na baba yangu, wala kama alilisikia lile nililomtupia mimi.

Mtu huyo ni Bahati, mdogo wangu wa mwisho. Alikuja Brussels mwezi wa pili mwaka huu kwa mafunzo ya kazi ya wiki mbili, safari yake ya kwanza nje ya Afrika. Nilimpokea Gare du Nord amevaa makoti mawili, moja juu ya jingine, na ndani ya sanduku kilo tatu za sambaza, wale samaki wadogo wakavu wa ziwa letu, amewafunga kwa nailoni mara saba ili harufu isimwaibishe. Ilimwaibisha hivyo hivyo, mama mmoja alihama kiti kwenye treni. Nilimkumbatia, lakini mwili wangu ukakataa kulegea, na nadhani aliuhisi. Ndivyo tulivyoishi miaka yote hiyo. Tunapigiana Noeli, tunapigiana Pasaka, tunaulizana afya na watoto, tunakata. Nyumbani kwetu Bukavu nilikwenda mara moja tu baada ya msiba, kuweka msalaba, na nyumba ilijaa watu wa kanisa tangu asubuhi hadi nilipoondoka, kwa hiyo sikumuuliza kitu. Au niseme ukweli: niliwashukuru wale watu kwa kujaa.

Mwaka aliofariki Papa nilikuwa naishi Ganshoren, mtaa wa Brussels, kwa Tantine Bernadette, dada yake Papa, ghorofa ya tatu, katika nyumba ambayo hata vijiko vilikuwa na nidhamu. Viti vya sebule vilivikwa vitambaa alivyofuma mwenyewe, na ole wako ukikaa kitambaa kikakunjika. Kitanda changu kilikuwa nyuma ya kabati, kabati lenyewe limegeuzwa kuwa ukuta ili pawe kama chumba, na kwa kuwa mbao za nyuma ya kabati ni nyembamba, nilisikia kila alichosema kwenye simu. Alisema mengi. Alikuwa anampigia Papa Jumapili baada ya misa, bugali likiwa mezani linapoa, na habari kubwa ilikuwa mimi. Kwamba nimeacha masomo ya ukatibu. Kwamba sasa naosha wazee. Kwamba viatu vyangu vinakaa mlangoni vimeelekea nje. Siku moja nilimsikia akisema, "Kaka, huyu mutoto hakai. Ukimuweka kwenye chaise, hiyo kiti inatembea." Papa akacheka upande wa pili mpaka nikamsikia hata mimi nyuma ya kabati, kisha akasema methali yake, mtembezi hula miguu yake, na Tantine akaitikia kama mtu aliyejibiwa sala.

Kuosha wazee ilikuwa kazi nzuri kuliko walivyodhani, ila ilinizidishia wasiwasi. Asubuhi nilianzia kwa madame mmoja wa miaka tisini aliyeishi Bukavu yetu akiwa bi harusi, zamani za ukoloni. Nikimvalisha soksi za kubana miguu alikuwa akiniuliza kama maua fulani bado yapo kando ya ziwa, kama mkate bado unatoka kwa Mgiriki. Sikujua Mgiriki gani. Jioni Tantine alinihadithia Bukavu yake, ya mitaro, mchanga mwekundu na watu waliokufa. Bukavu mbili kwa siku, na mimi sikuwa ndani ya yoyote. Nilikuwa kwenye tramu. Nikikaa nyumbani naona natakiwa nje, nikitoka naona nimesahau kitu nyumbani. Mkataba wangu wa kazi ulipokwisha mwezi wa sita, badala ya kutafuta mwingine, nilikwenda Chaussée de Wavre kusukwa, na pale kwenye kiti cha msusi nikakutana tena na Riziki, msichana wa Uvira tuliyesoma naye Kifaransa cha wageni. Riziki alikuwa na leseni kama mimi, likizo ya wiki mbili, na gari dogo jekundu ambalo mlango mmoja ulifunguka kwa ndani tu. Kabla nywele hazijaisha tulikuwa tumeshapanga kwenda Marseille kuona bahari na kurudi. Siku saba, tulisema.

Tantine alikataa, Papa akakubali. Akaweka sharti moja tu: kila jioni nimpe habari za siku ile kwa sauti, na asubuhi yeye atanijibu. Macho yake yalikuwa yamefifia, kwa hiyo Bahati, aliyekuwa na miaka kumi na tisa na bado anaishi nyumbani, ndiye aliyeshika simu. Sauti yangu Papa anaisikiliza, anasema jibu, Bahati anaandika. Hilo nililijua tangu mwanzo na halikunisumbua. Nimeitwa Nsimire kwa jina la mama yake Papa, na Papa maisha yake yote aliniita Mama. Nikiona neno hilo kwenye kioo cha simu, namsikia yeye, vidole vya Bahati sivioni.

Tuliondoka Jumamosi. Ninakumbuka harufu ya gari lile, kahawa iliyomwagika na mafuta ya nywele, na furaha yangu iliyokuwa kama kiu. Jioni ile tulilala Reims kwenye chumba chenye vitanda vya ghorofa, nikamtumia Papa dakika sita za habari: mvua, mashamba ya zabibu, Riziki anavyotukana malori kwa Kiswahili akiwa amefunga vioo. Jumapili asubuhi jibu likaja: "Vizuri, Mama. Lakini hukusema mulikula nini." Nikacheka, inspekta ameshatia alama nyekundu. Jumapili nikamweleza chakula chote, hadi biskuti. Jumatatu akaandika: "Sasa ninaona. Huo muji wa Lyon uko na mito ngapi? Uliza." Nikauliza, ni miwili. Jumanne: "Mama, sema polepole. Ninafuata kwa ramani." Alikuwa na ramani ya Ulaya ya shuleni, ya kitambaa, imepasuka pale Uhispania, na nilimwona kabisa amekaa nayo magotini na lenzi yake mkononi. Kila tulipofika mji nilikuwa naangalia mambo kwa ajili yake, rangi ya mapaa, bei ya nyanya, ili jioni nisikosee. Sijawahi kuona vitu kwa uangalifu namna ile, si kabla wala baadaye.

Jumatano tulikuwa Marseille. Tumekaa juu ya ukuta wa bandari, samaki wa kukaanga kwenye karatasi, jua linatuchoma mabega, na Riziki anasema kwamba ukifuata pwani hii hii unafika Uhispania kabla ya kesho mchana. Wazo lilikuwa limeniingia zamani, nilikuwa nangoja mwingine aliseme. Hapo simu ikalia. Ujumbe wa nne: "Inatosha sasa. Rudi nyumbani." Hakuna Mama. Hakuna swali la chakula. Nilihisi joto likipanda shingoni. Nikasema huyu ni Tantine, amempigia, amemjaza maneno, na yeye amekubali kunivuta kamba kama mbuzi. Nikabonyeza, nikaongea. Ninajua kila neno, kwa sababu nimelisikiliza mara nyingi kuliko wimbo wowote. Nilisema, "Papa, mimi si mwanafunzi wako. Nitarudi siku nitachoka. Usinitumie amri, nitumie habari." Na mwishoni nikacheka, kicheko cha mtu anayejionyesha mbele ya rafiki yake.

Riziki aliacha kutafuna. Aliniambia, "Nsi, ule ni papa yako. Futa." Wakati ule kufuta hakukusaidia kitu, sauti ikishaondoka imeondoka. Nikamwambia Papa ananijua, atazoea. Tukanawa mikono kwa maji ya chupa tukaingia garini, na barabara ya kaskazini tukaiacha, tukashika ya Uhispania. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye usukani.

Alhamisi asubuhi, tunakaribia mpaka, likaja jibu: "Sawa, Mama. Endelea na safari. Mulikula nini?" Nilishangilia. Nilimpiga Riziki pajani. Unaona? Unaona? Nilijiona nimekuwa mtu mzima siku ile, nimesimama mbele ya Papa na Papa amekubali. Jioni nilimtumia habari ndefu kuliko zote, yenye upole, nikamhadithia hadi mbwa tuliowaona. Papa alikuwa amekufa alfajiri ya Alhamisi hiyo hiyo, katika hospitali ambayo sikujua kwamba amelazwa. Alianguka uani Jumanne mchana. Hakuna aliyeniambia kwa sababu nilikuwa njiani.

Ijumaa, kwenye kituo cha mafuta upande wa Uhispania, Tantine alimpigia Riziki. Niliwaona kwa kioo, Riziki akizunguka ile mashine ya kupuliza matairi, mkono kichwani. Aliporudi alisema ni mambo ya kazi. Kisha akanyoosha mkono akaomba ufunguo. Tangu hapo sikugusa usukani tena. Nilikasirika, nikamwita bosi, nikamwita polisi. Aliniendesha kama anabeba mayai. Akaanza kuninunulia chakula, yeye ambaye siku zote tuligawana mkate, akiniangalia mpaka nimalize, na yeye mwenyewe hali. Akasema jino linamuuma, lazima turudi Brussels kwa daktari wake. Nikamwambia Uhispania nayo ina watu wenye meno. Alisisitiza, nikasisitiza, na kwa kuwa nilikuwa mbishi kuliko yeye, tukaenda mbele hadi Valencia, nikiogelea baharini huku yeye ametandika kitenge mchangani anatazama maji bila kuvua viatu.

Jumamosi alisimamisha gari mbele ya kanisa la mji mdogo ambao jina lake sikulishika. Akaingia, nikamfuata kwa uvivu, na nikamkuta amepiga magoti kwenye jiwe, anawasha mshumaa wa pili. Nikamtania kwa sauti ya chini, nikamuuliza kama anaomba mume. Alisema, "Ninaomba." Hakugeuka. Saa ile Bukavu walikuwa wanamteremsha Papa kaburini. Nilitoka nje nikakaa juu ya ngazi nikasoma ujumbe wa asubuhi, wa saba, "Mama, hiyo Valencia nimeiona, iko karibu na mahali ramani imepasuka," nikaona jinsi Papa alivyonoga tangu nilipomweka mahali pake. Jumapili Riziki alilia garini, akasema jino, na huruma ikanishinda. Tukageuka.

Jumanne tulifika Ganshoren saa tisa mchana. Njia nzima ya ngazi nilikuwa natunga jinsi nitakavyomsalimia Tantine, kwa unyenyekevu kidogo lakini si sana. Mlangoni nikaona viatu. Viatu vya watu wazima, vya heshima, jozi labda kumi na tano, saa za kazi. Tantine hakuwahi kuwa na wageni siku ya Jumanne. Ndani, viti vyote vilikuwa vimesukumwa ukutani na vitambaa vyake vimevuliwa, godoro limewekwa chini katikati ya sebule, na akina mama walikuwa wamejifunga vitenge kiunoni, wamenyamaza. Mtu yeyote wa kwetu akiona chumba kimepangwa hivyo hahitaji kuambiwa. Nilisimama na mfuko wa machungwa ya Uhispania mkononi. Tantine alinishika akanikalisha kwenye godoro, akaniwekea bakuli la uji, akangoja ninywe, na mimi, Mungu anisamehe, nilikunywa, kwa sababu nilijua nikimaliza watasema. Nikanywa taratibu kadiri nilivyoweza.

Papa Déo, mkubwa wa watu wa Bukavu pale Brussels, ndiye aliyesema. Alisema vizuri, kwa sauti ya chini, kwamba baba yangu ametutangulia, kwamba amezikwa kwa heshima, kwamba walinificha kwa kunihurumia. Niliuliza lini. Alisema jeudi. Nilianza kuhesabu kwa vidole, kwa ujinga, kama mtoto: Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Nilifika Jumanne nikakwama. Nikasema, "Lakini ameniandikia leo asubuhi." Mama mmoja akaanza kulia, si kwa ajili ya Papa. Hawakujua. Wote walijua kifo, hakuna aliyejua habari za jumbe. Tantine alichukua simu yangu akasoma, na niliona uso wake ukikasirika katikati ya huzuni. Alikwenda jikoni akampigia Bahati, na nilimsikia hata pale kwenye godoro akimuuliza nani alimtuma, sisi tunamuita arudi, wewe unamuambia endelea, unacheza na maiti?

Mwaka uliobaki niliishi kwa hasira. Nilihama Ganshoren, nikapanga chumba karibu na Gare du Nord ambapo nilisikia treni zikiondoka mchana kutwa, na wala sikutaka kupanda hata moja. Riziki alikuja mara tatu, sikumfungulia. Ilipita miaka miwili kabla hatujazungumza tena, na leo ni mama wa ubatizo wa binti yangu. Wakati huo kila aliyeniambia jambo zuri nilimtilia shaka. Msusi akisema umependeza, nafikiri kuna nini? Mwishoni mwa mwaka nilijiandikisha kusoma uuguzi, na watu wakasema huzuni imenitia akili. Hapana. Nilitaka kuwa upande wa watu wanaojua kwanza. Sasa kazi yangu mara nyingi ni kukaa na familia na kuwaambia jambo lilivyo, na ninasifiwa kwa uwazi wangu, hata kama wapo niliowaambia mapema mno, wamesimama, funguo za gari mkononi.

Na jumbe zile nilizichambua kama inspekta mwenyewe. Niliziandika kwenye karatasi na siku na saa zake. Tatu za kwanza za Papa, bila shaka. Sita za mwisho za Bahati. Ikabaki ile ya nne, ya Jumatano. Nikaiweka upande wa Bahati. Papa alikuwa hospitalini tangu jana yake, mtu aliyelala na mpira wa oksijeni puani ataandikishaje amri? Tena haina Mama ndani yake. Bahati aliogopa, akaandika nirudi, na jibu langu la dharau lilimfikia yeye peke yake. Ndivyo nilivyoamua, na juu ya uamuzi huo nilijenga usingizi wangu wa miaka kumi na mmoja. Sikumuuliza kwa sababu niliogopa kuubomoa.

Siku ya tatu ya ugeni wake ilikuwa Jumapili. Leo ninaishi tena Ganshoren, mitaa miwili kutoka nyumba ya Tantine, ambaye siku hizi ametulia kwa mwanawe Namur. Mume wangu alikuwa amewatoa watoto. Nilikaanga wale sambaza kwa nyanya na pilipili, nikasonga bugali, tukala jikoni mimi na Bahati, yeye akisifu sufuria, akisifu bomba la maji moto, akisifu kila kitu kama mgeni mwema. Nilimwangalia akinawa mikono. Ana mikono ya Papa. Nikajua nikingoja hadi aondoke nitangoja tena miaka mingine kumi.

Nikamuuliza kama ile ya Jumatano, ya inatosha sasa, aliiandika yeye. Alikausha mikono kidole kimoja kimoja. "Hapana, Yaya," alisema, ndivyo kwetu anavyoitwa dada mkubwa. "Ile ilikuwa ya Papa. Aliniambia niandike vile vile. Nikamuuliza, nisimuambie kama uko hôpital? Akakatala. Akasema, mutu yuko njiani haambiwi."

Kwa hiyo hata yeye. Amelala pale, anajua anakokwenda, anataka kuniona, na bado anashika desturi asinitie hofu kwenye usukani. Neno Mama lilimshinda kwa pumzi. Mimi nilisikia amri. Nilishika ukingo wa meza, kisha nikauliza lile la pili: je, alinisikia?

Bahati alitabasamu haraka. Alisema ndiyo, alisikia, na alicheka sana, alicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia, akasema huyu ni mama yangu kabisa, mumuache atembee. Maneno yalimtoka laini, yamepangika. Nimekaa na familia nyingi mno za wagonjwa, najua namna mtu anavyosema jambo alilolitayarisha. Hata ule ujumbe wa Alhamisi ulikuwa na ulaini huo huo.

"Bahati," nilimwambia, "mimi siko tena njiani. Nimekaa, na nimekula. Niambie."

Tabasamu likaondoka. Alisema macho yakiwa kwenye sahani.

"Hakucheka. Alisikiliza mara mbili. Kisha akasema, andika. Alikuwa anataka kukujibu, Yaya. Na mimi simu ilibakia na batterie kidogo sana, courant ya umeme haikuwa, na docteur alisema atapiga juu ya dawa yenye haikuwa pale hôpital. Nikaogopa simu itazimika. Nikamuambia, Papa, tutaandika kesho asubuhi. Akasema bon, kesho."

Nikamuuliza Papa alitaka kusema nini.

"Sikumuuliza."

Akavuta pumzi, na safari hii alinitazama. "Asubuhi ya jeudi nilikaa kando yake kabla bamubebe. Nikashika simu. Nikasema, alipaswa kukujibu, kwa hiyo nitamujibia. Nikatafuta vile angesema. Nikaandika sawa, Mama, endelea. Nikaona si ile. Kesho yake, vendredi, nikatafuta tena. Zote sita, Yaya, nilikuwa natafuta ile moja tu."

Hasira yangu ya miaka yote ile niliitafuta nikaikosa. Nilimwona tu mvulana wa miaka kumi na tisa kwenye korido ya hospitali na simu inayokufa mkononi, anachagua dawa badala ya barua. Mimi ni muuguzi. Najua ningechagua nini.

"Hata mimi ningemuambia kesho," nilisema.

Bahati aliweka kichwa mezani, kati ya sahani, akalia kwa sauti kubwa kama watu wanavyolia kwetu siku maiti inapoletwa nyumbani. Nikavuta kiti karibu yake. Papa alikuwa na miaka kumi na mmoja ardhini, na sisi ndiyo kwanza tulikuwa tunamlilia pamoja.